Composition ya Kamau kuhusu wimbo wa mama yake, na siku headman alikuja chuoni Thika

Salamu kwenu wakuu. Mimi ni mzee, naandika kwa simu na kidole kimoja, kwa hivyo mnivumilie. Haya niliyaona kwa macho yangu na sijatia chumvi.

Miaka ya hamsini, Emergency, ile hali ya hatari ya wakoloni, ikielekea kuisha, nilikuwa mwalimu kijana kwa chuo kimoja cha ualimu hapo Thika. Mimi ni wa Maragoli. Kikuyu sikuwa najua zaidi ya salamu.

Kazi yangu ilikuwa kufunza wanafunzi kuandika kuhusu sanaa. Nyimbo, michoro, hadithi, mambo kama hayo.

Sasa, shida ilikuwa hii. Ukiwapa picha, wote wanaandika "picha hii ni nzuri sana, inatufundisha upendo." Ukiwapa wimbo, ni upendo tena. Darasa zima! Unasahihisha mpaka unasinzia.

Nikaona nijaribu njia ingine. Nikawaambia kila mtu aandike juu ya wimbo aliousikia mwenyewe nyumbani. Anayeimba ni nani, mikono yake inafanya nini, sauti inapanda wapi na inashukia wapi. Maana waniambie mwisho, kama wanayo.

Kulikuwa na kijana anaitwa Kamau, mtu wa Ruiru, mpole, hana maneno mengi. Baba yake alikuwa headman huko. Wale mliokuwa hamjazaliwa, headman wakati huo alikuwa mkuu wa kijiji aliyewekwa na serikali ya wakoloni, na huyu aliogopwa. Alikuwa amefungisha wanawake kwa sababu ya kuimba nyimbo za kanisa zilizobadilishwa maneno kusifu watu wa msituni.

Kamau akaandika hivi, naikumbuka mpaka leo: "Mama anaimba akimenya viazi. Tune ni ya kanisa. Mahali pa jina la Bwana, anaweka jina la ndugu yangu mkubwa. Akifika kwa hilo jina sauti inashuka na kisu kinasimama. Halafu anaendelea kumenya."

Hakuna "nzuri sana." Hakuna upendo. Nilikaa na hiyo karatasi staffroom nikashindwa hata kuweka maksi.

Nikaibandika ukutani pamoja na zingine nzuri, kama tulivyokuwa tunafanya.

Wiki hiyo akaja mzungu wa ofisi ya elimu kukagua. Akasoma ukuta wote. Akafika kwa ya Kamau, akasimama. Akauliza huyu ndugu mkubwa yuko wapi.

Darasa zima likainamisha vichwa, na kijana mmoja karibu yangu akaninong'oneza. Hapo ndipo nilijua kitu ambacho wanafunzi wote walikuwa wanajua: ndugu yake Kamau aliingia msituni kupigana na serikali na hakurudi.

Kijana angeweza kufukuzwa, hata kupelekwa kambi ya detention. Mama yake pia.

Headman akaitwa. Akafika kwa baiskeli, koti kubwa, kofia mkononi. Tukaingia kwa ofisi ya principal: principal, yule mzungu, Kamau, mimi na yeye. Kizungu hakujua, na kusoma hakujua. Nikaambiwa nimsomee kwa Kiswahili.

Nikasoma. Kamau aliangalia sakafu tu. Mimi nilingoja huyu mzee amrukie mtoto wake.

Hakumrukia. Alingoja nimalize, akamwambia mzungu kwa Kiswahili pole pole:

"Hiyo ni wimbo ya kanisa. Bibi yangu haimbi ingine. Huyu kijana alisikia vibaya."

Nilishtuka, nikajikaza uso usionyeshe. Huyu ndiye alikuwa anafungisha watu kwa kosa hilo hilo! Mzungu alimtazama sana, lakini headman alikuwa mtu wao, wangemkatalia vipi? Karatasi ikachanwa pale pale. Kamau akaambiwa arudi darasani.

Mimi nikamsindikiza mzee hadi kwa baiskeli. Nilitaka kumshukuru, akanikatiza. Akaniuliza kama naweza kumwambia tena ile sehemu ya kisu. Karatasi haikuweko tena, nikamwambia kutoka kichwani.

Akasema, "Mwalimu, mimi nalala chumba cha pili. Hiyo sauti nasikia ikikatika kila jioni. Nilidhani ni kifua. Hata dawa nilimnunulia."

Halafu akasema jina moja, chini chini, kama mtu anajaribu kama bado linatoka.

"Ndung'u."

Akapanda baiskeli akashika njia ya Ruiru.

Baadaye nilimwambia Kamau alichosema baba yake. Kamau akaketi chini kwenye nyasi. Akaniambia tangu ndugu yake aende, baba alikuwa amekataza hilo jina litajwe kwa hiyo nyumba.

Kamau alimaliza training akafundisha miaka mingi huko Murera. Aliniambia, kama alivyosikia kwa mama yake, kwamba jioni ya siku ile ya ofisini baba yake alienda akaketi jikoni mama akimenya viazi. Hakumwambia chochote, na mama hakuacha kuimba.

Somo nililopata ni hili: mwanafunzi akiandika vile alisikia kweli, mwalimu ajiandae, kwa sababu hajui ni nani ataguswa. Mimi baada ya hapo sikuwahi kufunza kwa njia ingine, lakini kubandika ukutani niliacha mpaka Uhuru.

Haya, nimechoka kidole. Nyinyi niambieni: nyumbani kwenu kulikuwa na wimbo gani ambao hakuna mtu aliuliza unahusu nini? Nitasoma zote, hata kama nitajibu pole pole.