Yale Mawe Mawili Kichwani mwa Sato

Mwanangu, nianze na ujinga wangu: mimi ndiye niliyewaambia watu wa Igogo kwamba sato wanatusikiliza. Usinune kuitwa mwanangu na mtu wa kidato cha tatu. Wewe uko cha kwanza, na nimekutangulia kukosea.

Naikumbuka siku ile. Nilikuwa jikoni nanyonya kichwa cha sato, ulimi ukakutana na yale mawe mawili madogo meupe. Kila sato anayo, kaumbwa nayo, na mwalimu wa baiolojia alishatufundisha. Nikachukua simu, nikaikaza sauti kama mzee wa mtaa, nikarekodi kwamba wakubwa wamewawekea samaki wanaofugwa kwenye vizimba ziwani vinasa sauti kichwani, asiyeamini apasue aone. Nikarusha kwenye kundi la darasa tucheke.

Ikatoka humo, ikaenea mtaa mzima. Watu wakapasua, wakaona. Ndiyo hatari yenyewe, mwanangu: mawe yapo kweli, uongo ni yale maelezo tu. Halafu kila mtu akaongeza la kwake. Jirani yetu Mjita, mvuvi, akasema wanataka kujua tunatega wapi. Shangazi akapiga simu kutoka Bukoba, kule wameshaambiwa shabaha ni migomba. Mjomba mfugaji akauliza kama ng'ombe nao wapasuliwe. Kila mmoja alitia humo kile anachoogopa kunyang'anywa. Na kujua siri kunanoga, usinidanganye. Mtu ambaye jana hakuna aliyemsikiliza, leo amezungukwa.

Sasa mama yangu anauza sato wa kukaanga. Siku ya tatu alirudi na beseni limejaa kama lilivyotoka. Nikadhani atawalaani waongo, kumbe naye anaamini. Akasema anaacha biashara, hawezi kulisha watoto wa wenzake mitambo. Nikaungama palepale. Akanitazama kwa huruma, akauliza nani amenituma nifiche ukweli.

Nikamwekea rekodi. Akasema anaijua, ametumiwa na wanakwaya wenzake watatu, watu wasiosema uongo. Nikaongeza sauti, nikamwomba asimsikilize anayeongea, asikilize nyuma yake. Nyuma kule, kwa mbali, mwanamke anaita:

"We Maduhu, sufuria umeosha au unachezea simu?"

Mama akakaa chini. Ameisikiliza siku tatu, na sauti yake mwenyewe hakuisikia. Akacheka mpaka kitenge kikamfunguka.

Kesho yake akawasikilizisha wateja. Wakacheka, wakala. Mzee mmoja akamwinamia samaki wake, akamwomba awasalimie wakubwa.

Basi, mwanangu, habari ikikutisha na papo hapo ikakufanya ujione mjanja, isikilize tena kabla hujairusha. Na aliyeamini usimdharau. Mama yangu si mjinga, aliwaamini watu anaowapenda. Nenda salama, masikio yako yawe mazima.

Jioni ile, beseni likiwa tupu, mama alinishika kichwa akasema: "Mungu akukuze, Maduhu, na akili ikufikie kabla ya ndevu. Jumamosi unakaanga wewe."