Mguu Uliogoma

Dada yangu alikuwa na mimba ya miezi minane huko milimani Kondoa, na redio ya mawasiliano ya zahanati yao imekufa. Uzazi uliopita redio hiyo ndiyo iliyoita gari la hospitali. Bila gari tungemzika. Sasa wameifunga kwenye gunia, ikaletwa na lori la ulezi mpaka mezani kwangu Dodoma. Mimi, fundi mzima, nikaizunguka mara mbili kabla ya kuifungua.

Ugonjwa niliuona mapema: chipu moja imeungua. Biashara huria ilikuwa imeruhusiwa, maduka yamejaa redio za nje, lakini spea? Thubutu! Nikapata chipu ya aina ile ile kwenye bodi ya redio mbovu niliyoitunza uvunguni. Moja tu.

Kutoa iliyoungua si shida: unaikata miguu, vile vijiwaya vyake, unang'oa vipande. Nzima ndiyo kazi. Kila mguu umepenya kwenye tundu lake na kushikwa na risasi ya kulehemu. Unaiyeyusha, unainyonya kwa waya wa shaba uliosukwa, kisha unaugusa mguu kwa sindano. Ukicheza, umefunguka. Nikaenda hivyo hivyo mpaka mmoja ukagoma.

"Vuta bwana, utaiunguza!" akasema fundi mwenzangu.

"Kavute ya dada yako!"

Nilikuwa naogopa, basi. Nikivuta, mguu unakatikia ndani. Nikikawia, moto unaua chipu. Na umeme nao umeshuka, chuma cha kulehemu kimekuwa vuguvugu. Nikaongeza risasi mpya juu ya ile kuukuu, mwenzangu akanitazama kama nimerukwa na akili. Zikayeyuka pamoja. Nikanyonya, nikagusa. Ukacheza.

Nikaihamishia chipu kwenye redio ya zahanati, redio ikapona, ikarudi na lori. Mimi sikuweza kukaa. Nikaenda Kondoa mjini, nikawa nashinda kwenye chumba cha redio cha hospitali, najitia natengeneza swichi.

Alasiri moja sauti ya nesi wa zahanati ikaingia: "Gari lije haraka, mama anatoka da—"

Kimya.

Ule mguu, nikasema. Ni ule ule.

"Rudia," mpokeaji wa redio wa hospitali akasema. Kimya. "Rudia!"

"...damu nyingi. Ni yule wa uzazi uliopita. Bado ana fahamu, anaulizia gari."

Mpokeaji akampigia dereva kelele dirishani, kisha akanigeukia. "Fundi, unalia nini?"

Nikamwonyesha kwa mkono anyamaze. Nesi alikuwa bado anaongea.