Hukumu za Kinyozi Jaji

Jina alilopewa na wazazi wake lilikwisha sahaulika mtaani; watu walimwita Jaji. Hakusomea sheria wala muziki. Alikuwa kinyozi aliyependa jukwaa, mtu wa kununua tiketi yake mwenyewe, kukaa safu za mbele, na kufungua duka Jumatatu akiwa na hukumu tayari. Ukishafungwa kitambaa shingoni, ndiyo umekamatwa. Utasimuliwa mchezo wa kuigiza wote: nani alisahau maneno, nani alilia machozi ya kitunguu, na kwa nini kwaya fulani ingependeza zaidi kama ingenyamaza.

Mpinzani wake alikuwa fundi bomba aitwaye Mbishi. Naye hakukosa onyesho, na wengi waliamini alikwenda ili tu apate cha kubishia. Jaji akisema mwimbaji ni dhahabu, Mbishi atasema ni bati. Siku moja walibishania kifo cha mfalme katika tamthilia, kama mtu aliyechomwa kisu anaweza kuhutubia muda wote ule, mpaka Mbishi akainuka kitini na kutoka akiwa na ndevu shavu moja. Akazunguka nazo mtaani kwa ukaidi, hadi Jaji alipomfuata mtaroni alikokuwa akizibua bomba, akamnyoa hapohapo huku ubishi ukiendelea. Tangu mkewe afariki, Jaji alikiri bila haya kwamba ubishi ule ndio uliomtoa kitandani asubuhi.

Lakini hukumu zake zilianza kuchacha. Kila onyesho likawa baya. Waigizaji wa siku hizi wanameza maneno kama watu waliotoka kung'olewa meno. Wapiga fidla wanaziogopa nyuzi zao. Tamasha la kwaya ya watoto, alisema, lilikuwa midomo mitupu ikifunguka na kufumba, na mwalimu wao angefaa kuuza mkaa. Alisifu ngoma tu na gitaa la besi. Wateja walicheka wakasema uzee umemtia ndimu. Nyani haoni kundule, sawa, ila safari hii hata nyani wenzake hawakuliona.

Ukaja usiku wa filimbi. Binti mmoja alipiga peke yake, bila hata kinanda cha kumshika mkono. Jumatatu Jaji akatoa hukumu: binti alipuliza upepo. Mwishoni kabisa vidole vilicheza na filimbi haikutoa kitu, halafu ukumbi mzima ukasimama kumpigia makofi, kundi la wajinga.

Mbishi alikuwa kitini, povu la sabuni mashavuni. Alianza kucheka, akaacha.

"Jaji, ile sauti ya mwisho ilipanda mpaka nikafumba macho. Mama aliyekaa karibu nami alilia."

"Haikuwepo."

"Ilikuwepo, bwana. Kila mtu aliisikia."

Jaji akautafuta mzaha usoni mwa mwenzake, ndani ya kioo. Hakuuona, akauweka wembe mezani.

Binti wa Jaji akampeleka baba yake kwa daktari. Daktari alimsemesha, naye akajibu vizuri tu. Kisha daktari akaziba mdomo kwa karatasi na kurudia maneno yaleyale. Jaji akabaki anamkodolea macho. Ndipo ilipojulikana kwamba dukani alikuwa akisoma midomo ya wateja kwenye kioo, bila mwenyewe kujua. Sauti nzito zilikuwa bado zinamfikia. Nyembamba zilikwisha kwenda, na daktari hakumficha kwamba hazitarudi. Kuna kifaa cha kuweka sikioni, kingemsaidia katika mazungumzo kidogo. Kwa muziki asitegemee. Jaji alikijaribu kwenye tamasha, akasikia debe linaburutwa juu ya lami. Akakitia mfuko wa shati, akakaa hadi mwisho akitazama viwiko vya wapiga fidla.

"Wale watoto niliwaita midomo mitupu," alimwambia bintiye walipofika nyumbani. "Na labda waliimba vizuri." Bintiye akalia. Yeye hakulia. Aliona haya kuliko alivyoona huzuni.

Hata hivyo hakuacha kwenda. Alijiambia kuwa macho bado anayo, na mtu anaweza kubishania mavazi, taa, hata namna mwimbaji anavyotembea. Ubishi ni ubishi. Hilo tu ndilo alilokuwa amebakiwa nalo, na alilishika kwa mikono miwili.

Jumatatu iliyofuata alimwona bintiye nje ya mlango wa kioo, akizungumza na Mbishi, amemshika mkono wa shati. Bintiye alikuwa amempa Jaji mgongo, midomo yake haikusomeka. Mbishi alikuwa anatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo. Kisha akaingia, akaketi, akafungwa kitambaa.

Jaji akaanza na mavazi: mwimbaji alivalishwa pazia.

"Kweli," akasema Mbishi.

Na taa zile, zilimulika visigino vya watu.

"Hapo umesema, Jaji."

Mteja aliyekuwa anasubiri akajifanya anasoma gazeti. Jaji aliujua uso wa mtu anayevikwa kilemba cha ukoka, kwa kuwa aliwacheka wengi jukwaani waliovikwa. Hakuwahi kufikiri siku moja ungekuwa wake. Akausafisha wembe polepole.

"Lakini yule mpiga tarumbeta," akasema, "yule kijana aliniliza. Sijapata kusikia tarumbeta kama ile."

Hapakuwa na tarumbeta. Jukwaani palikuwa na kinanda, fidla mbili na mwimbaji, na macho ya Jaji yalikuwa mazima. Mbishi naye alikuwepo, alikaa nyuma yake. Jaji akautazama mdomo ule kwenye kioo. Nibishie, bwana, alimwomba moyoni. Nitukane hata.

Mbishi akainua uso kwenye kioo.

"Hata mimi aliniliza," akasema taratibu, akiipanua midomo ili isomeke vizuri.

Jaji akamnyoa mpaka mwisho, akakung'uta kitambaa, akamwita mteja mwingine.