Mkono Bwawani

"Mama Judith, hivi huyu jirani yetu anawasalimia samaki kwa mkono?" aliniuliza Emerensiana siku moja tukitoka misa. Nilicheka, maana kweli kila asubuhi, hata baridi ya Njombe iwe kali namna gani, mfuga samaki huyo hukunja mkono wa sweta na kuuzamisha mkono bwawani hadi kiwiko. Asipoviona vidole vyake hutabasamu: maji yana ukijani wa kutosha, na ukijani huo ndio chakula cha perege wake. Mwaka huu alianza kuviona, tena hadi kucha. "Maji safi hivyo, si umshukuru Mungu?" Emerensiana alimtania. "Dada, humo ni njaa tupu," akajibu kwa ile sauti yake ya chini, kama mtu mwenye mgonjwa ndani.

Bwana samaki, mtaalamu wa ufugaji, alipokuja alimwonyesha mfuko wa salfeti, ule wa nyuzi za plastiki, uliojaa samadi, ambao jirani mwenyewe aliufunga pembeni mwa bwawa ili kuulisha ule ukijani. Akamweleza kwamba jua limeula, unapukutika nyuzi na vumbi la plastiki, na vumbi hilo linaudhoofisha ukijani wenyewe. Jirani akautoa siku ileile. Nikirudi kutoka kukata milulu, nyasi za kusukia vikapu vyangu, nilimkuta amechuchumaa topeni, anaokota nyuzi mojamoja kwa vidole vyake vinene, taratibu kama anachambua mchele. Jana alizamisha tena mkono, nami nikachungulia. Vidole vilionekana kwa mbali tu, Mungu ni mwema. Akajifuta kwenye suruali, akaniambia: "Mama, nisukie kikapu cha kuwekea samadi, na usitie uzi wa nailoni hata mmoja."