Mguu wa Meza ya Mashua

Meza yenyewe ilikuwa ndogo, ya watu wanne wanaopendana. Aliyeiagiza ni tata mmoja, mzee aliyeendesha malori, Mwislamu, wazazi wake walitoka upande wa Maniema. Uzeeni alinunua mashua ya tanga ambayo Wazungu wa kampuni ya migodi waliiacha zamani kwenye ziwa la Nzilo. Watu wa Kolwezi walimcheka. Sisi ni watu wa mawe, nani kati yetu anajua mambo ya upepo? Yeye akasema amekula vumbi la barabara miaka arobaini, sasa anataka kula ugali na bibi yake juu ya maji, mezani, ndani ya kile chumba kidogo cha mashua. Meza ya zamani ilikuwa imeoza. Akanijia mi, fundi mbao wa mtaa wa Kapata, ambaye kazi yangu siku hizi ni milango na masanduku ya maiti.

"Tata, mi sijatengenezaka kitu ya bato," nilimwambia.

"Na mi sijaendeshaka bato," akajibu. "Tutajifunza wote, fundi."

Meza ya namna ile haina miguu minne. Upande mmoja unakaa juu ya kibao kilichopigiliwa kwenye ukuta wa mashua, upande wa pili unasimama juu ya mguu mmoja tu. Mguu ukizidi kidogo, mchuzi unakumwagikia mapajani. Basi nilifanya kama baba alivyonifundisha: unajenga kwanza mahali, ndipo unajenga kitu. Nilikata fimbo sawasawa na kimo cha kile kibao kutoka sakafuni, nikarudi nayo nyumbani, nikapigilia kibao cha namna ileile kwenye ukuta wa saluni yetu, chumba cha kupokea wageni, kimo kilekile. Karakana yangu uani ni udongo mtupu, lakini saluni ina sakafu ya sima, saruji ngumu. Sakafu yetu ikawa sakafu ya mashua.

Ila katika saluni ile alikuwa analala mama yangu. Nyonga yake ilikuwa imekufa, hakuweza kusimama bila mtu kumshika, kwa hiyo tangu mvua zianze tulimwekea godoro pale pembeni ili asikie watu wanaopita. Nyumba ni zile za kampuni, za safu, baba aliipata kama mfanyakazi, na yeye na mama walitoka Kasai wakiwa wadogo. Na jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa amezungusha bashi, turubai la plastiki, kwenye kiwanja chake. Huku kwetu, mtu akizungusha bashi, hakuna anayeuliza anaficha nini. Anachimba mawe ya madini. Anashuka kwanza, halafu anafuata mawe popote yanapokwenda, na mawe hayajui mpaka wa kiwanja.

Tulikuwa tunawasikia. Asubuhi, ukiweka kikombe chini, chai inatetemeka. Mi niliogopa, sitaki kujificha. Kila nikitoka kununua misumari niliogopa kurudi nikute shimo, na mama ndani yake. Nilimsihi aende kwa dada yangu mjini.

"Siendi," akasema.

"Mama, bale bantu beko chini yako!"

"Beko chini, mi niko juu. Tengeneza meza yako."

Alikuwa na mchi wa kutwangia kando ya godoro. Nikimuuliza wa nini, anasema wa panya.

Nilitumia mulombwa mwekundu, mbao nzito ambazo nilizipanga palepale saluni zisinyeshewe. Nikakata mguu kwa fimbo, nikausimamisha, nikaweka nivo, kile kipimo cha usawa, juu ya meza. Kiputo chake kikakaa katikati, sawa kabisa. Nilijisifu kwa sauti. Siku mbili baadaye, nilipotaka kupaka vernisi ya kung'arisha, meza ilikuwa imeinama upande wa mguu.

Mi nina hasira za karibu, watu wa mtaa wanajua. Niliitukana ile mbao na mtu aliyeniuzia. Nikasema mulombwa haukukauka, umejikunja. Nikakata mguu wa pili, mrefu zaidi kwa unene wa kidole, nikagongagonga mpaka ukakaa. Nivo ikakubali. Baada ya siku tatu meza ikainama tena.

"Imeshuka?" mama akauliza kutoka godoroni.

"Imejikunja, mama. Mbao mbovu."

"Imeshuka kiasi gani?"

Nilimwonyesha kidole. Akageuka akaangalia ukuta. Mi nikachonga mguu wa tatu, nikatwanga nyundo mchana kutwa, na hasira zangu zote nikazitia katika sakafu ile.

Mashua ikapokea meza siku ya jua kali. Tata alikuwa ameleta soda na kitambaa kipya cha meza, bibi yake akangoja ufukweni akicheka. Nikakaza bawaba kwenye kibao, nikasimamisha mguu. Meza ikanyanyua pua juu kama mbuzi anayetaka majani.

"Eh fundi! Mchuzi utakwenda kwa jirani," tata akasema.

Niliona aibu. Nikasema labda mashua imelala upande. Akanipa ile fimbo yangu ya kwanza, nilikuwa nimeiacha kwenye mfuko wa vyombo, akasema pima tena. Nikapima. Kibao mpaka sakafuni, fimbo ilikaa bila kucheza. Nikaweka fimbo kando ya mguu wa tatu. Mguu ulizidi kwa vidole viwili vizima.

Mguu wa kwanza ulikuwa sawa. Mbao haikujikunja. Kibao cha ukutani kwetu hakikusogea, meza haikusogea. Kilichoshuka ni sakafu ya saluni yetu, vidole viwili kwa wiki moja, na mama amelala juu yake.

 Tata aliniona uso, akachukua ufunguo wa gari, akanipeleka mbio akanishusha kwenye njia ya kwetu.

Nilimkuta mama ameketi, mchi mkononi, anatwanga sakafu kwa nguvu zake zote. Ufa ulikuwa umepita chini ya mbao zangu mpaka ukutani.

"Mama, twende!" Nikamshika mabega.

"Niache! Ndugu yako iko chini!"

Mdogo wangu tulijua yuko Kisenge, kwenye machimbo ya manganizi. Mwezi wote alikuwa hapo, chini ya godoro la mama yake, na mama anajua. Walikubaliana hivi: mama akiona nyumba inabadilika, atwange bila kupumzika, naye mdogo wangu atoke. Ndiyo maana mama hakutaka kwenda kwa dada.

"Mamu wanyi! Mama yangu! Sasa mbona hatoki?"

"Juu ya marto yako, ile nyundo!" Alikuwa analia. "Tangu ulete hii meza, unagonga, unagonga. Alizoea. Anasema ni yaya, mukubwa wake, anafanya kazi. Enda umutoe! Mi nikiacha kugonga, nani atamusikilizisha?"

Ningeweza kumbeba. Alikuwa mwepesi, mifupa na kitambaa tu. Lakini nilimtii, nikaruka ukuta wa jirani, nikapasua bashi, nikamsukuma aliyeshika kamba mdomoni mwa shimo. Nikainama nikaita jina la nyumbani, lile ambalo wageni hawalijui.

Alipanda haraka kuliko nilivyotegemea. Akatokeza kichwa, mweupe kwa vumbi, taa kwenye paji la uso, anacheka.

"Yaya! Nilisikia makelele, nikasema ni meza."

Kicheko kile ndicho kilichoniwasha. Nikamkamata kwenye shati, nikampiga kofi, nikamtukana, nikamuuliza kama anataka kumzika mama akiwa hai, nikamwita mjinga mbele ya watu wote wa shimo. Naye akajibu, kwamba nani alimlipia mama dawa miezi hii, mi na masanduku yangu? Tukasukumana pale kwenye magunia. Na wakati wote ule, ng'ambo ya ukuta, mchi ulikuwa unagonga. Niliusikia. Naapa niliusikia. Mama anamwita mtoto ambaye nilikuwa nimemshika shati.

Ilikuwa ni kupaza sauti tu. *Mama, ametoka.* Maneno mawili. Koo langu lilikuwa na nafasi ya matusi yote ya Kapata, lakini hayo mawili sikuyasema.

Mdogo wangu ndiye aliyenyamaza kwanza. Akageuza kichwa.

"Yaya," akasema, "mama ameacha kugonga."

Halafu ndipo tukasikia mabati ya paa letu yanaanguka.