Sentensi Yangu Moja ya Kitamil

Kosa ni langu mwenyewe. Mimi ni karani wa mapokezi kwenye kliniki ya meno, mtaa wa Khuwair ya Kusini huku Uarabuni, na nilikuwa nikijisifu kazini kuwa nnajua Kitamil. Kwa kweli nnajua sentensi moja tu, ya filamu ya zamani ya kijasusi anayoipenda mume wangu. Jasusi akiitamka, watu wote hutulia. Nikaamini maana yake ni "tulieni."

Juzi mzee mmoja Mtamil aliogopa sindano, akafumba mdomo. Wanjiru, muuguzi wetu Mkenya, akaniita.

"Dada Zuwena, si unajua lugha yake? Mwambie atulie."

Nikamwinamia mzee, nikaitamka sentensi yangu kwa upole. Mzee akainua mikono yote miwili juu.

Hapo akaingia binti yake, aliyekuwa nje akiegesha gari. Akazungumza na babake, kisha akanigeukia na kuniuliza kwa Kiarabu, "Kwa nini unamwambia baba akisogea utampiga risasi?"

Ikabidi nikiri, mbele ya daktari na Wanjiru, kwamba sina sentensi nyingine.