Rula, Ndege na Ngege wa Baba

Mwanangu, kuna siku moja haijawahi kunitoka akilini, na leo umeirudisha wewe. Nimekuona ukipanga safari na mzigo wako, ukiandika kwenye simu majina ya viwanja viwili vya ndege, Kisumu na Mombasa, nayo ikakupa kilomita na dakika kabla hujameza mate. Sisi tulitumia atlasi na rula. Usicheke.

Babu yako alikuwa amelazwa Mombasa, alikokuwa akifanya kazi. Baada ya upasuaji alikataa kula, akawa anataja kitu kimoja tu: ngege, wale samaki wa ziwa letu, wa kwetu Asembo Bay. Alikonda hadi tukaanza kuogopa. Nikalaza rula juu ya ramani, nikapata kama kilomita mia saba. Nikagawanya kwa mwendo wa ndege, nikapata saa moja na kitu. Barafu ya saa tatu ingetosha na kubaki. Nilijiona profesa.

Asubuhi nikaenda ufukweni kwa Mama Akoth, muuza samaki aliyenijua tangu utotoni. Aliponiona na boksi la barafu akatikisa kichwa.

"Nyathina, mwanangu, hii samaki wacha nipasue, nianike kwa jua. Siku ya tatu utabeba obambla mzuri."

"Mama, ni saa moja tu. Nimepima."

"Umepima ndege. Samaki nani amepima?"

Nilicheka, nikaondoka na ngege wangu wabichi. Kilomita zangu zilikuwa sawa kabisa. Lakini kutoka Asembo hadi uwanja wa Kisumu kuna barabara, na rula haikuiona. Tena ndege ilitua Nairobi, tukasubiri nyingine mchana kutwa. Nilipofungua boksi wodini, muuguzi alikimbilia dirisha.

Baba alinitazama. "Akoth hakukuambia?"

"Aliniambia."

Hakunigombeza. Aligeukia ukutani, na hilo liliniuma kuliko kofi.

Nikapiga simu nyumbani, wakamwita Mama Akoth. Hakunisuta hata kidogo. Alianika samaki wengine, akawafunga kwa gazeti, akampa dereva wa basi. Basi lenyewe lilipata pancha mara mbili, likachelewa siku nzima. Obambla akafika salama. Dada yangu, aliyekuwa akimuuguza baba huko Mombasa, alimpika kwa nyanya na vitunguu, na babu yako akala mpaka akanyonya mifupa, kisha akauliza kama ugali umebaki. Nililia palepale, wala sikuona haya.

Basi, piga hesabu zako, sikukatazi. Ila simu inapima kutoka uwanja hadi uwanja, na hakuna mtu anayeishi uwanjani. Pima kutoka mkono unaotoa hadi mkono unaopokea. Na anayeujua mzigo akikuambia neno, simama umsikilize, hata kama hesabu yako ni sahihi. Yangu ilikuwa sahihi.

Mungu akufikishe salama, mwanangu, na ulichobeba kifike kikiwa bado kinalika.